Laptopu inayokuja na Linux badala ya Windows: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu wanaofikiria kununua kompyuta mpakato iliyowekwa Linux tangu kiwandani. Nimejibu kama ninavyomjibu ndugu yangu ambaye pesa iko mfukoni na kesho asubuhi anakwenda dukani. Penye tatizo nimelitaja.

Linux ni bure. Kwa nini nitafute laptopu ambayo tayari imewekewa?

Ni kweli, Linux hulipii. Unacholipia ni kazi iliyofanyika kabla laptopu haijakufikia. Ndani ya laptopu moja kuna vipande vya kampuni nyingi: kadi ya Wi-Fi ya huyu, kadi ya sauti ya yule, kisoma alama za vidole cha mwingine. Kila kipande kinahitaji draiva ili kielewane na mfumo. Laptopu ikitoka kiwandani na Windows, kiwanda ndicho kilichohangaika na mambo hayo. Ukifuta Windows ukaweka Linux mwenyewe, mahangaiko yanahamia kwako au kwa fundi wako.

Mara nyingi hakuna tatizo lolote, dakika ishirini umemaliza. Lakini kuna siku utakutana na kadi ya Wi-Fi ya Broadcom au Realtek isiyoonekana, na draiva yake iko kwenye intaneti ambayo huwezi kuifikia kwa sababu Wi-Fi ndiyo hiyo haipo. Laptopu nyingi za Dell hutoka na diski iliyopangwa kwa mtindo uitwao RAID, na programu ya kusakinisha Linux ikashindwa kuiona SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) mpaka ubadilishe kwenda mtindo wa AHCI ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka. Nyingine hazilali vizuri: unafunga kifuniko, unaiweka begani, unafika nyumbani betri imekwisha na begi limepata joto.

Laptopu iliyotoka na Linux kiwandani ni ile ambayo mtu alishakaa akajaribu yote hayo, akachagua vipande vinavyoelewana na Linux, na akakubali kuwajibika visipofanya kazi. Ndiyo maana nawaambia watu waulize swali moja kabla ya yote: kwenye laptopu hii, nani anawajibika kwa Linux? Jibu likiwa "mimi mwenyewe", si vibaya, ila ujue hivyo kabla ya kutoa pesa.

Linux na Ubuntu ni kitu kimoja?

Linux ni kiini cha mfumo, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Simu yako ya Android inatumia kiini hicho hicho, kwa hiyo umeshakuwa nacho mkononi kwa miaka. Ubuntu, Fedora, Linux Mint na Debian ni mifumo kamili iliyojengwa juu yake.

Ubuntu ilitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina ni lile lile letu: ubuntu ni utu. Wengi wa rika langu tuliijua kwa diski zilizotumwa bure kwa posta kutoka ng'ambo, mpaka mpango huo ulipofungwa mwaka 2011. Ile bahasha ilikuwa kitu kikubwa kwa kijana asiyekuwa na intaneti nyumbani.

Kwa laptopu ya kazi, chagua toleo la Ubuntu linalotunzwa muda mrefu. Hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na hupata masasisho ya kawaida kwa miaka mitano. Toleo la 24.04, kwa mfano, linatunzwa hadi 2029. Fedora ni nzuri sana, lakini kila toleo lake hutunzwa kwa takriban miezi 13 tu, kisha lazima uhamie jipya. Kwa mtu anayehesabu bando, hilo ni jambo la kufikiria.

Kampuni zipi huuza laptopu zenye Linux tayari?

Dell walianza kuuza kompyuta zenye Ubuntu mwaka 2007, na mwaka 2012 wakatoa XPS 13 kwa ajili ya waandika programu, ikiwa na Ubuntu kiwandani. Lenovo walianza kutoa baadhi ya ThinkPad zikiwa na Fedora mwaka 2020, na zipo zinazouzwa na Ubuntu. Kisha kuna kampuni ambazo Linux ndiyo biashara yao: System76 ya Denver, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2005, Tuxedo ya Augsburg, Ujerumani, Slimbook ya Valencia, Uhispania, na Star Labs ya Uingereza. Framework ya Marekani wao hukuuzia hata laptopu isiyo na mfumo wowote, uweke unaoutaka, na vipande vyake vimetengenezwa vibadilishwe na mwenyewe kwa bisibisi.

Kwa msomaji aliye Ulaya au Marekani hizo zote ni rahisi kuagiza. Kwa aliye Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, hesabu inabadilika. Kuna usafirishaji, kuna forodha, na kuna siku kibodi itakapokufa na waranti yako iko Augsburg. Mimi namshauri aliye huku atafute kwanza ThinkPad ya Lenovo au Latitude ya Dell ambayo kampuni yenyewe imeithibitisha kwa Linux, hata kama dukani inauzwa na Windows. Canonical, kampuni ya Ubuntu, ina orodha ya wazi ya laptopu ilizozipima, kwa jina la modeli na toleo la Ubuntu. Ukishapata modeli kwenye orodha hiyo, nusu ya safari umemaliza, na vipuri vyake vinapatikana mjini.

Dukani wananiambia "hii haina Windows, ni DOS". Ndiyo Linux?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama.

Laptopu iliyoandikwa DOS au FreeDOS kwenye boksi imetoka kiwandani bila leseni ya Windows. FreeDOS ni mfumo mdogo wa bure ulioanzishwa mwaka 1994, unaofanana na DOS ya zamani. Kiwanda huuweka ili kompyuta isitoke tupu kabisa. Ukiiwasha utaona skrini nyeusi yenye maandishi, basi. Laptopu za namna hii ni nyingi katika soko letu, nyingine zikiwa zimepitia Dubai, na huwa nafuu kwa sababu bei ya Windows haimo.

Kinachofuata unakijua. Muuzaji anasema, "Usijali kaka, nakupigia Windows sasa hivi, na Office juu yake." Hiyo Windows haina leseni. Imekrakiwa, na programu iliyotumika kuikraki imepewa ruhusa zote ndani ya mashine utakayofungulia benki na barua pepe za kazi. Niliwahi kununua ya namna hiyo katika duka moja nililoliamini. Baada ya wiki chache mafaili yangu ya kazi yakaanza kubadilika majina yenyewe, na sikuyapata tena. Toka siku hiyo sikubali mtu anipigie Windows dukani.

Laptopu ya DOS inaweza kuwa nafasi nzuri ya kuweka Linux, kwani hujalipia usichokitaka. Lakini DOS kwenye boksi haikuambii lolote kuhusu kama Wi-Fi na kulala vitafanya kazi. Ipime kama unavyopima nyingine yoyote.

Nitaipimaje nikiwa dukani?

Nenda na flashi yako. Pakua Ubuntu au Linux Mint mapema kwa Wi-Fi ya ofisini au ya rafiki. Faili la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6, la Mint ni kama nusu yake. Andika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama balenaEtcher au Rufus. Kulinakili tu faili hakutoshi, haitawaka.

Dukani, mwombe muuzaji ruhusa kwa heshima na umweleze kwamba hutagusa diski. Ni kweli hutaigusa: Linux inawaka kutoka kwenye flashi, unachagua kuijaribu bila kusakinisha, na ukichomoa flashi laptopu inabaki kama ilivyokuwa. Ili ikuulize iwake kutoka wapi, kwenye Dell na ThinkPad bonyeza F12 mara tu unapowasha, kwenye HP bonyeza Esc kisha F9, kwenye Asus Esc. Muuzaji akikataa kabisa, mshukuru, nenda duka la pili.

Ikishawaka, anza na Wi-Fi. Washa mtandao wa simu yako uunganishe, ufungue video. Hapo umepima mtandao, sauti na picha kwa mpigo. Fungua kamera. Rekodi sauti yako usikilize, maana maikrofoni ndiyo husahaulika mpaka siku ya mkutano. Ongeza na punguza mwanga wa skrini kwa vitufe vyake. Unganisha spika au earphone za Bluetooth. Chomeka projekta au skrini ya nje kama unafundisha au unahubiri.

Halafu funga kifuniko, subiri dakika tano ukiongea na muuzaji mambo mengine, fungua. Skrini ikirudi papo hapo na Wi-Fi ikajiunganisha yenyewe, nimeridhika. Ikibaki nyeusi, nairudisha mezani hata kama kila kitu kingine kimekubali. Kisoma alama za vidole kikigoma sihangaiki nacho sana. Ndicho kipande kinachogoma mara nyingi, na nywila ipo.

Kama una nafasi ya kuchagua kati ya mbili zinazofanana, chukua yenye kadi ya Wi-Fi ya Intel. Na kama huchezi magemu wala hutengenezi video, kadi ya picha ya ziada ya NVIDIA itakuongezea joto na draiva za kushughulikia bila faida. RAM ya GB 4 itawaka, lakini vivinjari vya siku hizi huila yote. GB 8 ndiyo ya kuanzia.

Itakuwa nafuu kuliko ya Windows?

Wakati mwingine, na tofauti huwa ndogo. Kampuni kubwa hununua leseni za Windows kwa wingi na kwa bei ambayo mimi na wewe hatuipati. Kampuni ndogo za Linux hutengeneza laptopu chache, kwa hiyo bei zao ni za juu. Usinunue Linux kwa kutegemea punguzo kubwa. Nafuu ya kweli inakuja baadaye: hununui Office, hununui kinga ya virusi, na mashine hiyo hiyo inakaa miaka mingi zaidi.

Nimenunua yenye Windows lakini nataka Linux. Naweza kurudishiwa pesa ya Windows?

Huko Italia kuna aliyejaribu na akashinda. Alinunua laptopu ya Lenovo, akaikataa Windows, akadai arudishiwe euro 42 za leseni. Kesi ilipanda hadi mahakama ya Monza, ambayo mwaka 2020 iliongeza juu yake fidia ya euro 20,000 kwa jinsi alivyosumbuliwa. Kwa upande mwingine, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imeamua mwaka 2016 kwamba kuuza kompyuta ikiwa na mfumo tayari, bila kukupa chaguo jingine, si lazima kuwe kosa. Kwa Kariakoo au Moi Avenue, pesa ya Windows isiyotakiwa inarudi kwa njia moja tu: kununua isiyo nayo tangu mwanzo.

Word na Excel je?

Office ya Microsoft haisakinishwi kwenye Linux. Utakuta LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, tayari imo au utaiweka bila malipo, nayo inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Barua, ripoti, bajeti, matokeo ya wanafunzi: nafanya yote humo. Pale ambapo mpangilio unasogea ni kwenye hati zenye majedwali ndani ya majedwali na fonti ambazo hunazo. Mtu anapotaka kusoma tu, mtumie PDF. Kama mnaandika hati moja watu watano, tumieni Google Docs au Office ya kwenye kivinjari, ambayo inafunguka Linux bila shida.

Makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, ni jambo jingine. Anayejaza ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa fomu ya Excel yenye makro asitegemee LibreOffice kuziendesha. Ajipange na kompyuta nyingine kwa siku hiyo.

Nani asinunue laptopu ya Linux?

Mhasibu anayeishi ndani ya Tally au QuickBooks ya kusakinisha. Mchoraji majengo wa AutoCAD au ArchiCAD. Mbunifu ambaye wateja wake wanamletea mafaili ya Photoshop na InDesign na kuyataka hivyo hivyo. Mtaalamu wa ramani ambaye ofisi yake imefungwa kwenye ArcGIS Pro. Programu hizo hazina toleo la Linux, na mbinu za kuziendesha kwa kuzungukazunguka hazifai kwa kazi yenye tarehe ya mwisho. Nimewahi kumzuia rafiki mhasibu aliyekuwa ameshakolea, na naamini nilimtendea haki.

Ukiwa na mashine ya EFD (ya risiti za kodi) au printa ya risiti dukani kwako, muulize aliyekuuzia kama ina draiva ya Linux kabla hujabadilisha chochote.

Wengine wako huru zaidi ya wanavyodhani. Zoom ina toleo la Linux. Meet, Teams na WhatsApp vinafunguka kwenye kivinjari. Kwa picha kuna GIMP na Krita, kwa video Kdenlive na DaVinci Resolve, kwa ramani QGIS, kwa takwimu R na Stata. Anayejifunza kuandika programu atakuwa nyumbani, kwa sababu seva nyingi za duniani zinatumia Linux hiyo hiyo.

Modemu ya USB itafanya kazi? Na bando langu?

Modemu nyingi za Huawei na ZTE zinazouzwa na kampuni za simu hukubali. Ile programu ya Windows inayojitokeza unapoichomeka haitawaka, na huihitaji: fungua mipangilio ya mtandao, chagua nchi na kampuni yako ya simu, APN (anwani ya kuingilia intaneti ya kampuni hiyo) inajijaza yenyewe.

Kuhusu bando, Ubuntu nayo hupakua masasisho ya usalama kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya muunganisho huo, weka alama kwamba una kikomo cha data. Masasisho makubwa yafanye ukiwa kwenye Wi-Fi ya bure, lakini yafanye.

Inapata virusi?

Vile virusi vya flashi unavyovipata steshenari, vinavyogeuza mafaili yako yote kuwa njia za mkato, vimeandikwa kwa Windows na haviwaki kwenye Linux. Utaviona vimelala kwenye flashi kama mafaili ya kawaida, utavifuta, utaokoa kazi yako. Nimeshawaokolea walimu wengi mitihani kwa njia hiyo. Lakini Linux haikukingi na ukurasa wa benki wa uongo, wala na mtu anayekuambia ubandike amri usiyoielewa.

Printa je?

HP nyingi zinakubali bila kuweka chochote. Epson na Brother hutoa draiva zao za Linux. Canon za bei nafuu ndizo zimenipa taabu zaidi. Printa mpya yenye Wi-Fi inayokubali kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye iPhone kwa kawaida itakubali Linux pia.

Naweza kuitumia kwa Kiswahili?

Kwa sehemu. Katikati ya miaka ya 2000 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliitafsiri OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice, na nilijivunia kuona neno "Hariri" juu ya skrini. Kazi ya kutafsiri haijaendelea kwa kasi hiyo. Menyu za leo utakuta zimechanganyika. LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, iwashe, inasaidia. Na kwa kuwa tafsiri hizi ziko wazi kwa yeyote, neno linalokukera unaweza kulirekebisha wewe.

Fundi wangu hajui Linux. Ikiharibika?

Skrini, betri, kibodi na chaja havijui mfumo uliomo. Fundi yeyote atavibadilisha. Mwambie tu mapema, "Fundi, usipige Windows," na nywila yako usimpe. Mwingine kwa nia njema atafuta kila kitu akidhani laptopu imeharibika kwa sababu haoni kitufe cha Start. Nakili kazi zako kwanza.

Nikishindwa, naweza kurudi Windows?

Ndiyo, ukinunua leseni. Ikiwa laptopu ilikuja na Windows halali, leseni ya siku hizi imehifadhiwa kwenye mashine yenyewe, kwa hiyo hata ukifuta diski itaitambua. Kabla ya kufuta au kuweka mifumo miwili pamoja, angalia kama BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski kwa siri, imewashwa na uandike ufunguo wake wa kuokolea kwenye karatasi. Nimeona mtu akifungiwa nje ya picha za harusi yake kwa kukosa namba hizo.

Nina laptopu ya Windows 10 ambayo haikubali Windows 11. Ninunue mpya yenye Linux?

Subiri. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa Intel huanzia kizazi cha nane. Laptopu nyingi zilizotumika kutoka Ulaya, zinazouzwa kwetu kama mtumba, ni za kizazi cha sita na cha saba. Zimekataliwa ilhali zina nguvu za kutosha. Hizo hizo, hasa ThinkPad na Latitude za maofisini, huipokea Linux vizuri kuliko laptopu nyingi mpya za bei rahisi, kwa kuwa waandishi wa draiva wamekuwa nazo kwa miaka.

Kwa hiyo flashi uliyoiandaa kwa ajili ya dukani, ichomeke kwanza kwenye hiyo ya nyumbani. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, funga kifuniko, fungua. Ikikubali, ongeza RAM ifike GB 8, weka SSD kama bado ina diski ya zamani inayozunguka, na ile pesa ya laptopu mpya ina matumizi mengine.